Haidrojeni Kwa Injini ya Gesi: Hii Si Ile Kachupa ya Maji Unauziwa TikTok

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA wakimaliza kutangaza bei mpya ya mafuta, magrupu za WhatsApp za madere na wasee wa nduthi hujaa vitu mbili. Ya kwanza ni matusi. Ya pili ni video. Kuna fundi amefungua boneti, kando ya betri ameweka kachupa ka maji, waya mbili zinaingia ndani, mapovu yanapanda, halafu kapaipu kembamba kanaenda moja kwa moja kwa njia ya hewa ya injini. "Hii ni haidrojeni," fundi anasema. "Ndai yako itakunywa nusu ya venye imekuwa ikikunywa." Bei iko inbox. M-Pesa kwanza, kazi baadaye.

Kitu inafanya hii story ishike watu ni kwamba si uongo mtupu. Ni ukweli umeokotwa mahali, ukakatwa kichwa na miguu, halafu ukauzwa kiwiliwili. Injini ya kawaida, yenye pistoni na plagi, inaweza kuchoma haidrojeni. Hata si kitu mpya: 1807, kabla petroli ijulikane kama mafuta ya gari, Mswisi anaitwa François Isaac de Rivaz alikuwa ashapata hataza ya injini ya kuchoma haidrojeni kwa cheche ya umeme. Na kuna mabasi za abiria, kwa jiji kubwa kushinda Nairobi, zimebeba watu zikichoma haidrojeni imechanganywa na gesi asilia. Lakini kazi ilifanywa kwa hizo injini, na sababu ya kuifanya, haiko karibu na hiyo kachupa. So kabla utume hiyo doo, keti hapa kidogo tupige hii risto vizuri.

Gesi gani hiyo tunaongelea?

Kenya ukisema "gesi" kila mtu anafikiria mtungi wa jikoni. Hiyo ni LPG, propeni na buteni, na ndio hizo teksi zingine za Nairobi zimewekewa. LPG ni mpole. Ukiifinya kidogo inageuka maji, inatulia kwa mtungi.

Gesi asilia ni mtu mwingine kabisa. Karibu yote ni methani, na methani ukiifinya kwa joto la kawaida haigeuki maji hata ufanye nini. Ndio uweke ya kutosha kwa gari lazima uisukume hadi presha ya 200 bar. Tairi ya gari yako iko kama 2.2 bar, kwa hivyo hapo ni karibu mara 90 ya tairi. Hiyo ndio CNG, na kama umewahi kanyaga Dar es Salaam umeipanda bila kujua. Bajaji nyingi na magari za teksi kule zina mtungi mnene wa CNG. Gesi yenyewe inatoka Songo Songo, kisiwa kiko upande wa Kilwa. Iligunduliwa 1974 na ikaanza kufika Dar kwa bomba 2004. Chuo cha DIT hapo Dar kina karakana ya kubadilisha magari kutoka petroli hadi gesi, kwa hivyo kule hii si story ya jaba, ni kazi ya kila siku.

Haidrojeni sasa ndio gesi nyepesi kuliko zote. Kilo moja yake iko na nguvu ya megajuli 120, wakati kilo ya petroli iko na kama 44. Wauzaji wa vifaa hupenda sana kusimama kwa hiyo namba. Hawakuambii kilo moja ya haidrojeni inajaza nini. Ukipima kwa ujazo, yaani ndoo kwa ndoo kwa presha sawa, haidrojeni iko na karibu theluthi moja tu ya nguvu ya methani. Hii kitu tutairudia, ju ndio inavuruga hesabu ya watu wengi.

Jiko, makaa na mafuta ya taa

Cheki jiko ya makaa. Makaa yako na nguvu nyingi lakini kuyawasha ni kazi. Kwa hivyo unanyunyizia mafuta ya taa kidogo, moto unashika haraka, unasambaa, makaa yanakubali. Hakuna mtu hupika ugali na hiyo mafuta ya taa ya kuwashia. Kazi yake ni kufanya makaa yashike.

Ndani ya silinda, methani ndio makaa. Inachoma safi lakini inachoma polepole. Ukiiwasha kwa hewa iliyotulia, moto wake unatembea kama sentimita 40 kwa sekunde. Moto wa haidrojeni unapita mita 2 kwa sekunde. Sawa, ndani ya injini hewa inazunguka vibaya sana na moto unasukumwa haraka kushinda hapo, lakini ile tofauti kati ya hizo gesi mbili haiendi mahali.

Na injini haina muda wa kungoja. Ikiwa kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, ule muda mzuri wa kuchoma, pistoni ikiwa karibu na juu, ni kama sekunde moja ukiigawanya mara 400. Moto ukichelewa, pistoni ishashuka, na nguvu inatoka na ekzosi. Ndio maana fundi akibadilisha gari kutoka petroli kwenda CNG lazima avute taiming mbele, plagi ipige mapema, ndio moto mvivu upate muda wa kufika.

Ukiongeza haidrojeni kidogo kwa methani, moto unaamka. Lakini utamu wenyewe uko kwa kitu ingine inakuja na huo moto: injini inakubali kuchoma mchanganyiko mwepesi, yaani hewa mob na gesi kidogo.

Methani kwa hewa hushika moto tu kama iko kati ya asilimia 5 na 15. Chini ya hapo haishiki. Haidrojeni inashika kutoka asilimia 4 hadi 75. Sasa, injini ikichoma mchanganyiko mwepesi, moto unakuwa baridi kidogo. Moto baridi unamaanisha joto kidogo linapotelea kwa vyuma na redieta, na muhimu zaidi, oksaidi za naitrojeni zinapungua. Hizo ndio zile moshi hazionekani vizuri lakini zinakaanga kifua, zile unavuta ukiwa umekwama kwa jam ya Jogoo Road saa kumi na moja jioni. Shida ni kwamba injini ya methani pekee ukiipunguzia gesi sana, inakohoa. Silinda zingine zinawaka, zingine zinakataa, na gesi haijachomeka inatoka nyuma. Haidrojeni kidogo inafanya hata huo mchanganyiko mwepesi ushike kila wakati.

Hapo ndio kiini ya haya mambo yote. Haidrojeni kwa injini ya gesi haiji kuchukua kazi ya gesi. Inakuja kuifanya ichome pahali haingechoma.

Na kuna mtego. Ukiongeza haidrojeni halafu usiguse kitu ingine yoyote, taiming ikae ile ile na hewa ikae ile ile, unapata kinyume. Moto unakuwa wa haraka na moto zaidi, oksaidi za naitrojeni zinapanda, na injini inaweza kuanza kugonga. Kwa hivyo mtu akikuambia "unachomeka tu, hakuna kitu unabadilisha", ashakuambia hajui kitu anauza.

Debe nne za mahindi na debe moja ya bisi

Mwanzo wa miaka ya 1990, huko Colorado, Marekani, kampuni inaitwa Hydrogen Components ilianza kusukuma mchanganyiko wakauita Hythane: haidrojeni na methani zimechanganywa kabla ziingie kwa tangi. Haidrojeni ilikuwa kwa kiwango cha kama asilimia 20 ya ujazo, na hadi leo wengi wanaojaribu hii kitu hukaa hapo karibu.

Asilimia 20 inasikika kubwa. Lakini fikiria umechukua debe nne za mahindi kavu na debe moja ya bisi, ukachanganya. Kwa macho, moja kwa tano ni bisi. Lakini ukiulizwa hilo gunia litalisha watu wangapi, bisi inaongeza kitu kidogo sana, ju debe ya bisi ni hewa. Haidrojeni ndio bisi. Ukifanya hesabu ya nguvu, hiyo asilimia 20 ya ujazo ni kama asilimia 7 tu ya nguvu yote iko kwa tangi. Zile zingine 93 bado ni methani.

Hiyo inakuambia vitu mbili. Ya kwanza, kaboni umeondoa kwa kubadilisha mafuta yenyewe ni kama asilimia 7, si 20. Ukipata zaidi, ni ju injini imeanza kuchoma vizuri. Ya pili, tangi lile lile kwa presha ile ile sasa limebeba nguvu pungufu kama asilimia 14. Dere alikuwa akitoka Mbagala hadi Posta na kurudi mara kadhaa kwa mtungi mmoja, sasa atarudi kwa foleni ya kujaza mapema. Na foleni ya CNG Dar waulize wenyewe.

Delhi walifanya nini

Delhi ndio mfano mzuri, ju kule hii haikuanza kama sayansi, ilianza kama kesi. Hewa ilikuwa mbaya sana, na 1998 Mahakama ya Juu ya India ikaamuru mabasi za umma ziachane na dizeli ziende CNG. Kulikuwa na kelele, foleni, na tarehe za mwisho ziliongezwa, lakini kufika mwisho wa 2002 mabasi za umma za Delhi zilikuwa zimehamia gesi. Kwa hivyo walipokuja kufikiria haidrojeni tayari walikuwa na stesheni, mafundi na madereva wamezoea mtungi.

Mwaka wa 2020, kwa depo ya mabasi ya Rajghat, kampuni ya mafuta Indian Oil na serikali ya Delhi walifungua mtambo wa kutengeneza mchanganyiko wenye haidrojeni asilimia 18, tani 4 kwa siku. Mabasi 50 zikapewa majaribio ya miezi sita. Hizo zilikuwa mabasi za CNG zilikuwa tayari kazini, na hiyo ndio maana ya kuchagua asilimia 18: unabaki na injini uko nayo, unaitengeneza kidogo, badala ya kununua basi mpya.

Sasa angalia hapa vizuri, ju mahali pengi hii sehemu hurukwa. Hiyo haidrojeni ilitoka wapi? Haikutoka kwa maji wala sola. Mtambo wa Rajghat unachukua gesi asilia yenyewe, unaipitisha kwa mvuke na joto, na sehemu ya methani inavunjika kuwa haidrojeni. Ni ujanja safi kwa upande wa bei, ju hauhitaji kununua haidrojeni kando, kuisafirisha na kuichanganya. Lakini methani ikivunjwa, kaboni yake haipotei hewani kama uchawi. Inatoka hapo kwa mtambo badala ya kutoka kwa ekzosi ya basi. Kwa mtu anasimama kwa steji akipumua, hewa inakuwa afadhali. Kwa hali ya anga ya dunia, faida ni ndogo sana. Hizo ni story mbili tofauti na watu huzichanganya makusudi.

Ukiamua kubadilisha injini kikweli

Tuseme uko na gari ya petroli. Kuipeleka CNG ndio hatua rahisi. Unaweka mtungi wa 200 bar, paipu ya chuma ya presha kubwa, regyuleta ya kushusha presha hadi injini iweze kuimeza, injekta za gesi, na kompyuta ndogo ya kuambia injekta lini zifungue. Petroli inabaki kama akiba. Utahisi gari imepoteza nguvu kama moja kwa kumi, na hiyo si fundi kukuibia. Gesi inakalia nafasi ya hewa ndani ya silinda. Methani inachukua karibu asilimia 9.5 ya hiyo nafasi, mvuke wa petroli unachukua kidogo sana. Pia gesi ni kavu, haipozi wala hailainishi viti vya valvu venye petroli hufanya, kwa hivyo gari zingine hula valvu mapema.

Matatu ya dizeli ni kesi ngumu. Injini ya dizeli haina plagi, inawasha mafuta kwa kufinya hewa hadi ipate moto wa kutosha. Methani hukataa hiyo mchezo: inahitaji karibu nyuzi 540 ndio ijiwashe yenyewe, na dizeli inashika chini ya nusu ya hapo. Una njia mbili. Ama ufungue injini, upunguze kompresheni kutoka 17 au 18 hadi kama 11 au 12, na utoboe mahali pa plagi penye injekta za dizeli zilikuwa. Ama uiache na dizeli kidogo ya kuwashia, gesi iingie na hewa, na ile dizeli ifanye kazi ya kiberiti. Hii ya pili ni bei nafuu na ukikosa gesi njiani unarudi kwa dizeli, lakini injini ikitembea bila mzigo, kama kwa jam, gesi mob inapita bila kuchomeka. Na methani ikitoka mbichi inapasha dunia joto vibaya kushinda kaboni dayoksaidi.

Ukiongeza haidrojeni juu ya hiyo, kazi inabadilika. Ile taiming ulivuta mbele sasa unairudisha nyuma. Hewa unaongeza, na ju hewa mob kwa gesi kidogo inashusha nguvu, mara nyingi unahitaji tubo ya kusukuma. Plagi unaweka za baridi zaidi, ju haidrojeni inawashwa na kitu kidogo sana. Nguvu ya cheche inayohitajika ni milijuli 0.02, methani inataka kama 0.28. Kaboni kidogo imeganda kwa pistoni, ncha ya plagi imekuwa nyekundu, basi moto ushawaka kabla ya wakati. Ukiwaka wakati valvu ya kuingiza bado iko wazi, unasikia mlipuko kwa njia ya hewa. Kwa asilimia 20 hii hatari ni ndogo ukiweka vitu sawa. Ukielekea asilimia 100 ndio inakuwa vita ya kila siku, na watengenezaji huhamisha injekta hadi ndani ya silinda ili haidrojeni iingie valvu ikiwa imefungwa.

Halafu kuna mtungi, na hapa sitaki utani. Haidrojeni ni ndogo sana, inapenyeza ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike kama biskuti. Haitokei siku moja. Inatokea kila ukijaza na kumaliza, kaufa kanakua pole pole penye huoni. Kwa sababu hiyo, viwango vya kimataifa vya mitungi ya CNG, vile vya Umoja wa Mataifa vinaitwa R110, vinasema kama mtungi ni wa chuma chenye nguvu inapita megapaskali 950, haidrojeni ndani ya gesi isizidi asilimia 2. Soma tena: mbili. Kwa hivyo huwezi chukua mtungi wowote wa CNG umeokota mahali ukaujaza mchanganyiko wa asilimia 20 ukifikiri ni kitu kimoja. Kuna mitungi ya alumini na ya nyuzi za kaboni inavumilia, na bei yake iko juu.

Sasa turudi kwa kachupa

Chuo niliwacha kabla tufike kwa somo ya injini, kwa hivyo hii hesabu nimeipiga na kalkuleta ya simu. Wewe pia unaweza.

Gari ndogo ikitembea barabara kuu inakunywa kama lita 6 za petroli kwa saa. Hiyo ni nguvu ya karibu wati 57,000 inaingia kwa injini kama mafuta. Kachupa kako na sahani kadhaa, zimeunganishwa kwa mfuatano kwa betri ya volti 12, kanavuta tuseme ampea 20. Hata kila kitu kikienda fiti, haidrojeni inatoka hapo, ikichomwa yote, inakupa kama wati 150. Gawanya. Ni kama shilingi 3 kwa kila thao moja ya mafuta.

Na hizo shilingi 3 si za bure. Umeme wa kuvunja maji umetoka kwa alterneta. Alterneta inazungushwa na injini. Injini inazungushwa na petroli yako. Kila hatua inapoteza. Ukifuata mnyororo mzima, unachoma petroli ya kama wati 1,500 ndio upate haidrojeni ya wati 150. Unatoa kumi, unarudishiwa moja, na fundi ameshazima simu.

Kuna wale watasema, "lakini si umesema haidrojeni kidogo inaamsha moto?" Ndio, kwa injini ya methani, kwa mchanganyiko mwepesi, kwa asilimia 18 au 20 ya gesi yote. Petroli kwa gari ya kawaida huchomwa kwa kipimo kamili cha hewa, ju ile katalisti ya ekzosi inataka hivyo, na kwa hicho kipimo petroli inashika vizuri tu bila msaada. Wengine wakiona kachupa hakasaidii, wanadanganya sensa ya oksijeni ndio kompyuta ipunguze mafuta. Hapo utaona kama inakunywa kidogo kweli, hadi siku utaambiwa valvu zimeungua.

Nani basi ako na sababu ya kujisumbua?

Toyota wako nayo. Mei 2021 waliingiza Corolla kwa mashindano ya saa 24 ya Fuji, Japani, ikiwa na injini ya lita 1.6 ya silinda tatu yenye tubo, ikichoma haidrojeni pekee. Akio Toyoda, aliyekuwa bosi wa kampuni yenyewe, alikuwa mmoja wa madereva, akitumia jina la Morizo. Ilimaliza, lakini ilikuwa inasimama kujaza mara kwa mara. Ndio shida ya bisi tena.

Penye naona mchanganyiko una maana zaidi ni kwa injini kubwa hazitembei. Stesheni za umeme. Hazijali uzito wa tangi, ziko na mafundi wao, na zimefungwa mahali pamoja na bomba. Mwaka wa 2022 huko Michigan, Marekani, injini ya Wärtsilä ya gesi asilia ilijaribiwa ikiwa kazini kwa mchanganyiko hadi asilimia 25 ya haidrojeni. Hamburg, Ujerumani, kuna injini ya Jenbacher ya megawati 1 inaweza kubadilika kutoka gesi pekee hadi haidrojeni pekee. Na ujue Ubungo, hapo Dar, umeme wa jiji umekuwa ukizalishwa na injini za Wärtsilä zinachoma gesi ya Songo Songo. Kwa hivyo kama hii kitu itashika Afrika Mashariki, ningeangalia hapo kwanza kabla niangalie nduthi yoyote.

Kenya sasa. Hatuna gesi asilia ya bomba. Mei 2021, Rais Samia alipokuja Nairobi, yeye na Uhuru walikubaliana kuhusu bomba la gesi la kutoka Dar hadi Mombasa, na tangu hapo bomba limebaki kwa karatasi. Bila gesi, huna kitu cha kuchanganya na haidrojeni. Umeme safi tunao, ju karibu asilimia 90 ya umeme wetu ni mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Serikali ilitoa mpango wa haidrojeni Septemba 2023, na mpango wenyewe umeweka mbolea mbele, si magari. Kwa hilo naona walifikiria poa.

Sababu ni hii. Kutengeneza kilo moja ya haidrojeni kwa umeme unatumia kama yuniti 50 hadi 55 za stima. Ukiichoma kwa injini, inafikisha kama yuniti 10 kwa magurudumu, na bado hujalipia kuifinya. Yuniti hizo hizo 50 ukiziweka kwa betri ya nduthi ya umeme, zile unaona zikibadilishwa betri kwa steji, zinafika kwa gurudumu karibu 40. Mara nne. Msee wa nduthi hana biashara na haidrojeni, hata ije na baraka za askofu.

Dere wa Dar ambaye gesi iko mlangoni kwake, CNG ya kawaida tayari inamfaa, na mchanganyiko ukija utakuja kupitia stesheni, si kupitia fundi wa kando ya barabara. Na kama wewe uko Mombasa ama Namanga na unauziwa gari iliyotoka kule na mtungi bado uko kwa buti, usianze kwa kuuliza inakunywa aje. Piga magoti uangalie mtungi. Lazima uwe umepigwa chapa: presha yake, mwaka ulitengenezwa, na tarehe ya kuacha kuutumia. Kwa hivyo viwango vya R110 maisha yake hayapiti miaka 20, na kati ya hapo unatakiwa kukaguliwa kila baada ya miaka kadhaa. Ukipata hiyo sehemu ya chapa imepigwa grainda, ama imepakwa rangi mpya nyeusi ikang'aa, funga buti pole pole na urudishe funguo.